Masaa matano ya maumivu: kisa cha Carlos Jared na chura mwenye kichwa cha miiba

Watu wakisikia chura mwenye sumu akili inakimbilia moja kwa moja kwa yule wa njano wa Colombia, kadogo kanang'aa kama pipi, na ukimuuliza mtu hatari ya kumchunguza chura wa namna hiyo msituni atakwambia usimguse basi, imeisha hiyo. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Sasa kuna kisa kimoja cha Brazil ambacho kila nikikirudia naona hilo jibu la "usimguse" halitoshi hata kidogo, maana aliyeumia alikuwa mtu wa vyura hasa, mzee wa kazi, na chura mwenyewe hana rangi yoyote ya kutisha, ni kahawia kijivu kijivu kama gome la mti lililokauka.

Jamaa anaitwa Carlos Jared. Ni mtafiti wa Instituto Butantan, ile taasisi ya São Paulo iliyoanzishwa mwaka 1901 na ambayo kazi yake kubwa inayojulikana ni kutengeneza dawa za sumu ya nyoka. Yaani huyu ni mtu anayeamka asubuhi anaenda kazini kwenye nyumba ya sumu, jirani zake ni nyoka, buibui na nge, kwahiyo hatuongelei mtalii aliyeshika kitu asichokijua.

Siku ya tukio alikuwa kaskazini mashariki mwa Brazil, kwenye ile nyika kavu wanayoiita Caatinga, anakusanya vyura wa aina ya Corythomantis greeningi. Najua nimesema msituni, tulia, msitu unakuja. Wabrazili chura wa ukoo huu wanamwita perereca-de-capacete, chura wa helmeti, kwa sababu kichwa chake ni bapa na kigumu utafikiri amevaa kofia ya bodaboda. Maisha yake ni ya ajabu kidogo: anaingia kwenye tundu la mti au ufa wa jiwe kwa kurudi nyuma, makalio kwanza, alafu kichwa kinabaki mlangoni kimeziba tundu zima kama kizibo cha chupa. Ukichungulia na tochi unaona kama kipande cha mbao tu.

Jared alikuwa anawakamata kwa mikono mitupu. Hakuna cha kushangaa hapo, vyura wengi wanakamatwa hivyo, unamdaka, unamtia kwenye mfuko wenye unyevu, unaandika kwenye daftari, unaendelea. Chura akajisukuma mkononi, akapinda kichwa huku na huku kwa nguvu. Muda si mrefu mkono ukaanza kuuma, maumivu makali, yakapanda mkono mzima kwenda juu, na hayakuisha haraka, yalikaa kama masaa matano.

Alafu sikia hii, ndo sehemu inayonivutia kuliko zote: hakujua kama ni chura. Mwenyewe amekiri baadaye kwamba ilimchukua muda mrefu kuunganisha yale maumivu na jinsi alivyokuwa anawashika wale wanyama bila uangalifu.

Ukisoma haraka utacheka, utasema profesa mzima hajui kilichomuuma? Lakini jiweke pale. Caatinga ni nchi ya miiba, kila kichaka kina miiba, madungusi kila mahali, mtu anayeshinda porini kule mikono inajaa michubuko asijue ipi imetoka wapi. Mimi nadhani (hii ni dhana yangu, yeye hajasema hivyo) mkono ukiuma mahali kama pale kitu cha mwisho kumshuku ni chura uliyemshika nusu saa iliyopita. Na kuna sababu kubwa zaidi ya hiyo. Kwenye vichwa vya wataalamu wote wa dunia wakati ule chura hadungi. Chura ana sumu kwenye ngozi sawa, ukimlamba utaona, mbwa akimng'ata atatoka mapovu, lakini chura wa kukuchoma yeye mwenyewe na kukutia sumu? Hakuna aliyetegemea kitu kama hicho. Hata Edmund Brodie wa Chuo Kikuu cha Utah State, mzee aliyebobea kwenye mambo ya sumu za viumbe hawa na ambaye alikuwa kwenye utafiti huo huo, alisema hakuna kati yao aliyetarajia.

Hapa inabidi niingize lugha kidogo. Sisi Kiswahili tuna neno moja tu, sumu. Nyoka ana sumu, uyoga una sumu, chura ana sumu, dawa ya panya ni sumu, yote chungu kimoja. Wareno na Wabrazili wametenganisha: venenoso ni yule mwenye sumu mwilini ambaye hawezi kukufanya kitu mpaka wewe umle au umguse, alafu kuna peçonhento, huyu ana sumu pamoja na kifaa cha kukuingizia, kama nyoka na nge. Tuseme wa kwanza sumu yake inakungoja, wa pili sumu yake inakufuata. Vyura wote walikuwa wamewekwa kwenye kapu la kwanza, na ukishamweka mnyama kwenye kapu la wanaongoja unamshika kwa namna fulani, unajiachia. Tunasema mazoea yana taabu, na kwa Jared taabu yenyewe ilianzia kwenye hilo kapu, siku nyingi kabla hajaingiza mkono kwenye tundu.

Na usidhani alikuwa hamjui huyu chura. Mwaka 2005 Jared na wenzake walishaandika kuhusu kichwa cha huyu huyu greeningi. Kulikuwa na mawazo kwamba kile kichwa kigumu ni cha kuzuia maji yasipotee mwilini, maana kule ni jua kali, wao wakaonyesha kwamba hapana, kazi kubwa ni ulinzi, mlango wa ngome, na kwamba ngozi ya kichwani ina tezi za sumu. Kwahiyo mfupa walikuwa nao mezani, tezi walikuwa nazo mezani. Kilichobaki ni kuunganisha tu na yale maumivu, na ilikuwa miaka 10 baada ya andiko hilo, Agosti 2015, ndo utafiti ukatoka kwenye jarida la Current Biology: vyura wanaotumia kichwa kama silaha.

Ngoja nieleze hiyo silaha inavyofanya kazi maana ni ufundi wa hali ya juu. Chukua kichwa cha chura wa kawaida: laini, ngozi inateleza, ukipitisha kidole hukwami popote. Huyu ngozi ya kichwa imegandamana na mfupa kabisa huwezi kuivuta, na mfupa wenyewe umeota vimiba vidogo vidogo, vingi viko puani na kwenye mdomo wa juu. Katikati ya vimiba hivyo zimejaa tezi za sumu. Akibanwa au akikusukuma, vimiba vinatoboa ngozi yake yeye mwenyewe kutokea ndani, vinapita hapo penye tezi vinalowa ule ute mweupe unaonata, alafu vinaingia kwako. Hana jino la sumu wala mwiba wenye tundu katikati kama sindano ya hospitali. Ni kama mtu achovye tawi la mchongoma kwenye sumu alafu akusugue nalo kiganjani.

Na kusugua anasugua kweli. Chura wengi ni kama hawana shingo, kichwa na mwili vinageuka pamoja, lakini hawa wanaweza kupinda kichwa upande huu na upande ule, kwahiyo ukimshika kiunoni ukidhani umemweza yeye anakuletea kichwa. Kadiri unavyombana asikuponyoke ndivyo unavyojidunga. Yaani ule ushikaji sahihi wa chura uliofundishwa chuoni ndo unaokuumiza.

Maabara ikaongeza kingine. Kwenye ule ute wakakuta hayaluronidezi, kimeng'enya ambacho chenyewe hakiui mtu, kazi yake ni kulegeza nyama sumu ipate njia ya kusambaa. Sumu za nyoka zinayo pia. Hii ndo inayoeleza vizuri kwa nini kidonda kidogo cha kiganjani kiume mpaka juu ya mkono. Walipowajaribu panya wakaona maumivu na uvimbe, na kwa dozi kubwa panya wakafa.

Sasa tuingie msituni. Kwenye utafiti ule ule kulikuwa na chura wa pili, Aparasphenodon brunoi, siku hizi jina limebadilishwa anaitwa Nyctimantis brunoi lakini ni yule yule. Huyu ni wa msitu wa mvua wa pwani ya Atlantiki, Mata Atlântica, hao wa utafiti walitoka msitu wa Goytacazes jimbo la Espírito Santo. Anapenda kukaa kwenye bromelia, ile mimea ya ukoo wa nanasi inayoshika maji katikati ya majani, naye anaziba hapo katikati na kichwa chake kama ndugu yake wa nyikani. Umbo karibu lile lile, helmeti ile ile, miiba.

Tofauti ni ukali. Brazil wana nyoka wa jamii ya Bothrops, ukoo mmoja na moma wetu, ndo wanaouma watu wengi kule kuliko nyoka wengine wote. Watafiti wakalinganisha: sumu ya greeningi, yule aliyemliza Jared, inaua panya kwa ukali kama mara 2 ya Bothrops. Ya brunoi wa msituni, mara 25. Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudi juu kuangalia kama nimekosea mstari. Walipiga hesabu kwamba gramu moja ya ute wa brunoi inatosha kuua panya zaidi ya 300,000, au watu kama 80.

Hapo ndo watu wengi wanaoisimulia hii story wanakata waya na kukimbia na hiyo 80. Haki itendeke: chura mmoja hana gramu nzima ya kukumwagia, na kinachopita kwenye vimiba kuingia kwenye kidonda ni kidogo sana, watafiti wenyewe walilisema hilo. Kwahiyo sio kwamba ukimgusa unadondoka. Lakini fanya hesabu nyingine ambayo kwangu inatisha zaidi: brunoi ni kama mara 12 ya greeningi. Jared alipata masaa matano kutoka kwa yule mpole. Kama mazoea yake ya mikono mitupu yangeanzia Espírito Santo kwenye bromelia badala ya Caatinga sijui tungekuwa tunasoma utafiti wa nani. Na angeenda hospitali angesema nini? Daktari nimeumwa na chura? Dawa ya nyoka ipo, Butantan wenyewe wanaitengeneza, lakini ya chura nani atengeneze wakati hakuna anayejua kama chura anadunga.

Ndo maana nilisema lile jibu la usimguse halitoshi. Mlinganishe na yule wa njano wa Colombia, Phyllobates terribilis. Huyo alitangazwa rasmi kwa wanasayansi mwaka 1978 na Charles Myers, John Daly na Borys Malkin, kutoka eneo la mto Saija upande wa Pasifiki. Waemberá wa huko walikuwa wanamjua siku zote, wanasugua ncha za mishale ya kupuliza mgongoni mwa chura akiwa hai, mshale umekuwa tayari. Mmoja ana kama miligramu moja ya batrakotoksini, sumu inayofungua milango ya sodiamu kwenye neva na misuli ikakataa kufunga, moyo unapoteza mapigo yake. Hata kwenye kazi ile ya utafiti kuku na mbwa walikufa baada ya kukutana na vitu vilivyochafuliwa na sumu ya hao vyura. Soma tena: waliokufa hawakumgusa chura. Kwahiyo kwa terribilis shida sio mkono tu, shida ni glavu umeivua umeitupa wapi, mfuko umeuoshea wapi, nani anapita hapo nyuma ya kambi.

Vyura wawili, glavu mbili tofauti kabisa. Ile nyembamba ya hospitali inakusaidia kwa terribilis kwa sababu sumu yake inakaa juu juu ikitafuta njia ya kuingia. Kwa brunoi glavu hiyo ni karatasi, miiba inapita, unahitaji kitu kinene au chombo cha kumkamatia. Mtu akikuandikia kwenye orodha ya safari "glavu" bila kusema za nini hajakusaidia.

Na michubuko. Hii inajirudia kwenye visa vingi mpaka inachosha. Mwaka 1989 Jack Dumbacher alikuwa Papua New Guinea anakamata ndege kwa nyavu, akanaswa ndege anaitwa pitohui, akamparua mikono, jamaa akafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya, akatia kidole mdomoni kulamba kidonda. Mdomo ukawaka na kufa ganzi. Wenyeji walishajua siku nyingi kwamba huyo ndege hafai. Mwaka 1992 ikatoka kwenye jarida la Science kwamba sumu ya ndege huyo ni ya jamii ile ile ya chura wa Colombia, upande wa pili wa dunia. Hata huku kwetu tuna chura mweusi mwenye mistari myekundu, Phrynomantis bifasciatus, anatembea badala ya kuruka, yuko nyika za Tanzania na Kenya, ukimtia mfuko mmoja na vyura wengine unaweza kufungua ukakuta wenzake wamekufa, na mwaka 1971 iliandikwa ripoti ya mtu aliyedhurika na ute wake baada ya kuwashika. Mimi utotoni tulikuwa tunawakamata vyura wa kila aina, magoti na mikono imechunika, tunaenda kula ubwabwa hivyo hivyo.

Ila kisa ninachokiona ndugu wa damu wa hiki cha Jared hakina chura kabisa. Joseph Slowinski, mtaalamu wa nyoka wa California Academy of Sciences, Septemba 2001 yuko kaskazini mwa Myanmar, mbali na hospitali, anaingiza mkono kwenye mfuko wenye nyoka mdogo aliyedhani ni wale wasio na sumu wanaofanana na krait, nyoka wa Asia mwenye sumu kali. Alikuwa krait mwenyewe. Wenzake walimpulizia pumzi kwa mdomo masaa na masaa, helikopta ikashindwa kufika kwa sababu ya hali ya hewa, akafariki kesho yake tarehe 12. Alikuwa na miaka 38. Mkono ule ule wa mtu anayejua, kapu lile lile la "huyu hana neno". Jared alipewa nafasi ya kufikiria upya, Slowinski hakupewa.

Kwahiyo ukiniuliza mimi kosa liko wapi kwenye kisa cha Jared sitasema glavu, japo glavu ingesaidia. Kosa ni kwamba maumivu ya masaa matano yalitokea na inaonekana hayakuchukuliwa kama data. Mtafiti anaandika joto la hewa, saa, urefu wa chura kwa milimita, alafu mkono wake unawaka moto anauchukulia kama usumbufu wa porini. Kama kwenye daftari kungekuwa na mstari mmoja tu, saa fulani nimeshika chura namba fulani mkono wa kulia, saa fulani umeanza kuuma, ile miaka ya kutounganisha ingepungua sana. Waliobobea wa zamani walikuwa na hii akili: John Daly huyu huyu wa terribilis alijulikana kwa kugusa ngozi ya chura na kidole alafu kuonja ulimini kujua kama kuna alkaloidi, zile kemikali za sumu zilizomo kwenye ngozi za vyura wa namna hiyo. Usifanye hivyo wewe, tafadhali, na yeye hakuwa anamfanyia hivyo kila chura. Lakini angalau ulimi wake ulikuwa sehemu ya kazi, ukiwaka anajua kwa nini umewaka.

Jared hakuacha. Alipona, akarudi kwa hao hao vyura, na inaonekana tangu hapo macho yao yalifunguka maana timu ile ile, yeye na Mailho-Fontana na Antoniazzi na Brodie, mwaka 2020 wakaja na jingine: wakachungulia mdomoni mwa Siphonops annulatus, mnyama wa kundi kubwa moja na chura ila hana miguu, anaishi chini ya udongo na ukimwona utasema mnyoo mkubwa, wakakuta kwenye mzizi wa meno kuna tezi zinazofanana na za sumu. Mnyama ambaye hakuna aliyekuwa anamhofia mdomo. Ndugu zake wa mbali tunao, Usambara wapo na Taita wapo, mkulima anapiga jembe kwenye udongo wenye majimaji pembeni ya migomba anamfukua, anamtupa kando na mkono, anaendelea kulima.